Kabla hujalipia kamera ya kompyuta, ijaribu usoni pako

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta ya Kariakoo, Dar es Salaam, au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, utazikuta kamera za kompyuta zimepangwa kwenye rafu, na kila boksi limeandikwa tarakimu kubwa kuliko jina la aliyeitengeneza: 1080p, 2K, 4K, megapikseli 12. Tarakimu hizo ndizo zinazouza. Muuzaji huzitaja kwanza, mnunuzi huzilinganisha na fedha iliyo mfukoni, na biashara inaishia hapo. Hakuna anayeuliza lililo muhimu kuliko yote: kamera hii itamwonyeshaje mtu mweusi aliyekaa sebuleni kwake saa tatu usiku, chini ya balbu moja ya darini, huku akihesabu bando?

Nauliza hivyo kwa sababu kifaa hiki kidogo kimeacha kuwa cha anasa. Watu wanafanyiwa usaili wa kazi mbele yake. Wanafunzi wa uzamili wanatetea tasnifu zao kwa watahini walioko ng'ambo. Tangu mwaka 2020, corona ilipofunga milango ya mahakama, mawakili wa Kenya wamezoea kusimama mbele ya jaji kwa njia ya video. Walimu wa tuisheni wanarekodi masomo, masheikh wanarekodi darsa, wachungaji wanarekodi mahubiri, na bibi aliyeko Tanga anamwona mjukuu aliyezaliwa Minnesota. Mtu asipoonekana sawasawa katika mazungumzo ya namna hiyo, kuna kitu anapoteza: kazi, mteja, au angalau tabasamu ambalo upande wa pili haukuliona.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya pesa tunazotoa kununua tarakimu ingefaa zaidi ikinunua mwanga, na kwamba kamera ya kubeba nyumbani ni ile uliyoiona ikikuonyesha wewe mwenyewe.

Tuanze na hizo tarakimu. HD, kwa kipimo chake cha chini, ni picha ya 720p: pikseli 1,280 kwa upana na 720 kwa wima, jumla 921,600. Full HD, yaani 1080p, ina pikseli 1,920 kwa 1,080, milioni mbili na ushei. 4K ina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni nane. Kwa hiyo video ya 1080p inahitaji megapikseli mbili tu. Boksi linalojigamba kuwa na megapikseli 12 huku likiahidi video ya 1080p linakuuzia kitu ambacho video hiyo haitakitumia. Mbaya zaidi, baadhi ya kamera za bei ya kutupa ndani yake zina uwezo wa 480p au 720p tu, kisha programu inaitanua picha kwa kubuni pikseli za kujazia. Kompyuta itaandika 1080p, lakini uso utakaouona utakuwa umelainishwa kupita kiasi, na nywele na ndevu zimeshikana zikawa doa moja.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi. Kamera nyingi bado zinatumia waya wa USB 2.0, ambao ukomo wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Video ya 1080p ya fremu 30 kwa sekunde, ikipitishwa bila kubanwa, inahitaji karibu megabiti 1,000 kwa sekunde. Haipiti. Inabidi kamera iibane picha kwanza ndipo iitume, na hapo ndipo kamera nzuri na kamera mbovu zinapoachana njia. Zote mbili ni 1080p, zote mbili zina waya uleule, lakini moja inabana kwa uangalifu na nyingine inaacha vijisanduku kwenye mashavu kila ukitikisa kichwa. Tarakimu haiwezi kukueleza tofauti hiyo. Jicho linaweza.

Kamera inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hii haikuwa na tarakimu ya kujivunia hata kidogo. Iliwekwa mwaka 1991 katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ikilitazama birika la kahawa ili watafiti wa vyumba vya mbali wasitembee bure na kulikuta tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky ndio walioandika programu yake. Picha ilikuwa ya kijivu, pikseli 128 kwa 128, na tangu 1993 dunia nzima iliweza kuitazama kwenye intaneti, hadi ilipozimwa Agosti 2001. Mwaka 1994 kampuni ya Connectix ya Marekani ilitoa QuickCam, kamera ya mezani ya mtu wa kawaida, ya kijivu vilevile. Logitech, kampuni iliyoanzia Uswisi, iliinunua QuickCam mwaka 1998, na mwaka 2012 ikaleta modeli yake ya C920 yenye 1080p na fremu 30 kwa sekunde. C920 na ndugu zake waliofuata wamedumu sokoni miaka mingi, na mwaka 2020, dunia ilipohamia kwenye vikao vya video, kamera za aina hiyo ziliadimika madukani.

Maisha marefu kiasi hicho kwa kifaa cha elektroniki yanatufundisha jambo. Kwa uso wa mtu mmoja aliyekaa mezani, tarakimu inayotosha ilifikiwa zamani. Kinachotofautisha kamera za leo ni jinsi zinavyoupokea mwanga.

Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga huo, kihisi. Kikiwa kikubwa, kila pikseli inapata fungu lake. Kikiwa kidogo, kamera inalazimika kukuza kile kidogo ilichopata, na picha inajaa chenga. Ndiyo sababu kamera zilizomo ndani ya laptopu nyingi hazivutii: mfuniko wa laptopu ni mwembamba mno, hakuna nafasi ya kihisi kikubwa wala lenzi nene. Hata Apple, pamoja na bei zake, iliendelea kuweka kamera ya 720p kwenye MacBook Air hadi ile ya mwaka 2022 ilipopata 1080p. Na hapo ndipo penye hatari ya 4K ya bei rahisi: pikseli milioni nane zinagombania mwanga uleule ambao ungezitosha milioni mbili.

Giza likizidi, kamera ina ujanja wa pili. Huiacha kila fremu ikae muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga, kwa hiyo badala ya fremu 30 kwa sekunde unapata 15 au pungufu. Ukiinua mkono, unaacha ukungu nyuma yake. Midomo inachelewa. Watu wengi wakiona hivyo huilaumu intaneti, wananunua bando kubwa zaidi, na tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa la intaneti tangu mwanzo. Lilikuwa la balbu.

Hapo sijagusa ngozi, na hili ni jambo ambalo mwongozo wa kamera ulioandikwa Ulaya au Marekani mara nyingi hulipita. Kamera inayojipangia mwanga yenyewe hupima wastani wa mwanga wa picha nzima, kisha huusogeza ufikie kijivu cha kati. Ukikaa mbele ya ukuta mweupe, na nyumba zetu nyingi zina kuta nyeupe au za krimu, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Mtu mwenye ngozi nyeupe akikaa kwenye kiti hichohicho atafifia kidogo tu, hatalijua tatizo, na huenda akawa ndiye mhandisi aliyeipitisha kamera hiyo kuwa ni nzuri.

Historia ya dosari hii ni ndefu kuliko kompyuta. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilipanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, ameeleza kwamba miongoni mwa waliosababisha Kodak iboreshe filamu zake zionyeshe vyema rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri kwenye picha. Inauma kusoma hivyo. Nyuso za watu zilikuwapo mbele ya kamera hizo miaka yote.

Enzi ya kompyuta haikuifuta dosari hiyo. Desemba 2009 video iliyosambaa kutoka Marekani ilionyesha kamera ya kompyuta ya HP ikimfuata mwanamke mzungu kila alikosogea, lakini mwenzake mweusi aliposogea yeye, ikatulia tuli. HP ilieleza kwamba programu yake ilitegemea tofauti ya mwanga kati ya macho na sehemu ya juu ya mashavu na pua, na kwamba mwanga hafifu uliitatiza. Miaka michache baadaye Joy Buolamwini, mtafiti Mmarekani mwenye asili ya Ghana, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, alikuta programu ya kutambua sura haimwoni mbele ya kamera ya kompyuta yake mpaka avae kinyago cheupe. Hakuishia kulalamika. Mwaka 2018 yeye na mtafiti mwenzake Timnit Gebru walichapisha utafiti wa programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia kutokana na sura: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Baada ya hapo watengenezaji walianza kushtuka. Google, kwa mfano, ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 ilitangaza mfumo uliolenga kuonyesha ngozi nyeusi kwa uaminifu zaidi. Kwa hiyo inawezekana. Ni suala la nani anawekwa mbele ya kamera wakati inapojaribiwa kiwandani.

Hatuwezi kukisubiri kiwanda. Mwalimu mmoja wa kemia ninayemfahamu, anayerekodi masomo ya kidato cha tatu na cha nne, aliniita kwake Mbagala nimsaidie kuchagua kamera mpya, maana ile ya laptopu, alisema, "imechoka." Nilimkuta ameketi dirisha likiwa mgongoni, pazia limefunguliwa, jua la saa nne asubuhi likimwagika ndani. Kwenye skrini dirisha lilikuwa linawaka na yeye alikuwa umbo jeusi lenye miwani.

"Mwalimu," nikamwambia, "kabla hatujaenda dukani, tugeuze meza."

Tukaigeuza, sasa yeye akilitazama dirisha. Tukashusha pazia jepesi ili jua lisimpige moja kwa moja. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe, tukatundika kitenge cha rangi ya udongo kilichotolewa kabatini. Kamera ileile iliyochoka ikaonyesha mikunjo ya paji la uso, mvi za kidevuni, na vidole vilivyoshika chupa ya maabara. Mkewe akapita na sinia la chai, akasimama kutazama. "Baba watoto," akasema, "leo unaonekana."

Kitenge kilifanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Rangi ya wastani nyuma ya mtu, iwe kahawia, kijani iliyokolea au buluu, inaizuia kamera isidanganywe na weupe. Ila usiende upande wa pili kabisa: pazia jeusi tititi litaifanya kamera iongeze mwanga mno, na paji la uso litameremeta. Ngozi nyeusi hung'aa vizuri ikipata mwanga mpana na laini kutoka mbele, upande kidogo. Zile taa za duara wanazotumia vijana wa video za simu, zikiwekwa karibu mno, huacha duara jeupe kwenye miwani na kung'ariza pua. Igeuze taa hiyo iangalie ukuta mweupe ulio mbele yako, mwanga urudi usoni ukiwa umesambaa. Haikugharimu kitu zaidi ya kuigeuza.

Usiku ndio mtihani wenyewe. Karibu na ikweta jua linazama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, na mazungumzo mengi na ndugu au waajiri walioko Marekani huangukia gizani kwetu: saa tisa alasiri ya New York ni saa nne au saa tano usiku Dar es Salaam, kutegemea majira yao. Balbu ya darini inayotua utosini inatia vivuli machoni. Taa ya mezani iliyowekwa nyuma ya laptopu, ikielekezwa ukutani, inafanya kazi ambayo kamera ya gharama mara tatu haitaifanya.

Na hapo panatokea kero ambayo wengi hawaijui chanzo chake: mistari ya giza inayopanda na kushuka kwenye picha. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni lakini kamera inaiona. Marekani umeme ni wa hezi 60. Kamera uliyoletewa zawadi na shangazi kutoka Houston inaweza kuwa imepangwa kwa hezi 60, na ndiyo maana inachora mistari chini ya taa zetu. Fungua mipangilio ya kamera kwenye kompyuta au kwenye programu ya mtengenezaji, tafuta sehemu ya kuzuia mtetemo wa mwanga, weka 50. Mistari inatoweka papo hapo. Aliyeko Oman naye ataweka 50, lakini Saudi Arabia wanatumia 60. Nimeona watu wakirudisha kamera nzima dukani kwa ajili ya jambo hili moja. Balbu za LED za bei ya chini sana hutetemeka zaidi. Ikibidi, badilisha balbu.

Sasa mtandao. Hata ukiwa na 4K mezani, mwenzako hataiona 4K kwenye kikao cha kawaida. Mwongozo wa Zoom unataja megabiti 1.2 kwa sekunde kila upande kwa mazungumzo ya watu wawili ya 720p, na kwa 1080p megabiti 3.8 za kupandisha na 3.0 za kushusha. Piga hesabu kwa bando: saa moja ya 720p ni takriban gigabaiti moja, kwenda na kurudi, saa moja ya 1080p ni kama gigabaiti tatu. Mara nyingi, hasa kwenye kikao cha watu wengi, programu yenyewe inakushusha chini ya hapo bila kukuuliza. Ukipima kasi ya intaneti yako, usitazame ile ya kushusha peke yake, ambayo ndiyo kampuni hutangaza. Uso wako unasafiri kwa ile ya kupandisha.

Kwa hiyo, kwa vikao na usaili, hukumu yangu ni nyepesi: 1080p ya kweli, fremu 30, basi. Lenzi iwe na upana wa nyuzi 78 hivi, kama ya C920. Zile za nyuzi 90 na kuendelea zinafaa meza ya watu watatu. Ukiwa peke yako zitamwonyesha msaili kabati la vyombo, mlango wa chumbani na mtoto anayechungulia. Iwe na kifuniko cha kufunika lenzi. Iweke usawa wa macho, hata kama ni kwa kuipandisha laptopu juu ya vitabu, na unapozungumza tazama lenzi.

Kurekodi ni habari nyingine, kwa sababu rekodi haisafiri kwa bando wakati unazungumza. Hapo ubora wa kamera unaonekana wote. Usirekodi kupitia kikao cha video, maana utahifadhi picha iliyokwisha kubanwa. Tumia programu kama OBS Studio, ambayo ni ya bure, urekodi moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa kiwango cha megabiti 6 kwa sekunde, somo la saa moja la 1080p linachukua kama gigabaiti 2.7 za diski. Hapa 4K nayo ina haki yake: unaweza kurekodi ubao mzima, kisha wakati wa kuhariri ukasogeza karibu sehemu moja bila picha kuharibika.

Mtu anayerekodi ajifunze pia kufunga mipangilio. Kamera ikiachiwa ijiamulie, kila mwalimu akiinua karatasi nyeupe, picha nzima inaingia giza, kisha inarudi, kisha rangi zinageuka njano. Ukishapata mwanga mzuri, ondoa alama ya kujipangilia kwenye mwanga na kwenye rangi, ziache zilivyo. Kuhusu fokasi, inategemea kazi. Mwalimu anayesogeza kitabu au chupa karibu na lenzi anahitaji fokasi inayojirekebisha. Mtangazaji anayekaa mahali pamoja anasumbuliwa nayo, maana kila akipunga mkono kamera inatafuta, uso unafifia na kurudi; watengenezaji wa kamera Elgato waliijua kero hiyo, ndiyo maana Facecam yao ya mwaka 2021 ina fokasi isiyohama, na hata maiki hawakuiwekea. Anayetembea mbele ya ubao ana Insta360 Link ya mwaka 2022, yenye kichwa kinachozunguka kumfuata. Ni nzuri, ni ghali, na wengi hawaihitaji.

Maiki nitaigusa kwa kifupi, ingawa inastahili makala yake. Sakafu ya vigae, madirisha ya alumini na sebule isiyo na zulia hurudisha mwangwi ambao maiki ya kamera iliyo umbali wa mkono itauokota wote, pamoja na pangaboi. Msikilizaji huvumilia picha yenye chenga. Sauti isiyosikika haivumiliki. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, au hata ile ya waya wa hedifoni, inashinda maiki nyingi zilizomo ndani ya kamera.

Na kabla hujatoa hata shilingi, tazama simu yako. Kamera ya nyuma ya simu nyingi za leo ina kihisi na lenzi bora kuliko kamera nyingi za kompyuta zilizopo rafuni. Tangu mwaka 2022 simu ya iPhone inaweza kutumika kama kamera ya kompyuta ya Mac bila kuongeza kitu, na kwa Android na Windows kuna programu kama DroidCam zinazofanya kazi hiyo. Utahitaji stendi, utahitaji waya wa chaji, na simu itapata joto kwenye kikao kirefu. Mtu akikupigia katikati ya usaili, itabidi uwe ulikwishaizuia isipokee. Lakini kwa anayeanza kurekodi na mwenye fedha kidogo, simu aliyonayo pamoja na taa nzuri itamfikisha mbali kuliko kamera ya 4K ya boksi lisilo na jina.

Ukiamua kununua, nenda na laptopu yako. Niliwahi kuingia duka moja Kariakoo nikaonyeshwa kamera iliyoandikwa 4K kwa bei iliyonishangaza kwa uchache.

"Dada yangu, hii ni HD kabisa, utajiona mpaka vinyweleo," kijana aliniambia.

"Nichomekee kwanza kaka, nione."

"Tukiifungua boksi, dada, bosi atasema imeshatumika."

Nilitoa laptopu yangu, tukakubaliana. Kamera ya kweli ya leo ikichomekwa inatambulika yenyewe. Kama inadai CD au programu isiyojulikana, irudishe. Fungua programu ya Kamera, ingia kwenye mipangilio ya video, utazame ubora wa juu unaoorodheshwa. Kisha toa noti ya shilingi elfu kumi, ishike mbele ya lenzi kwa umbali wa kiganja na mkono, usome maandishi ya Benki Kuu ya Tanzania kwenye skrini, uendelee hadi yale madogo. Kwa ile kamera ya dukani maandishi makubwa yalisomeka, madogo yalikuwa ukungu, na tarakimu ya 4K haikuonekana popote kwenye orodha. Kijana mwenyewe alishangaa. Naamini naye aliuziwa hivyo. Baada ya noti, weka uso wako. Geuka mgongo uuelekee mlango wenye mwanga wa barabarani, uone kama kamera bado inakuona. Punga mkono. Omba taa ya duka izimwe kwa muda kama inawezekana. Rekodi sekunde chache, uzitazame na uzisikilize. Chukua risiti yenye jina la modeli, maana waranti bila jina la modeli haikusaidii.

Ombi langu ni kwa wenye maduka. Wekeni kompyuta moja juu ya kaunta na kamera moja ya kila aina iliyokwisha kufunguliwa, mteja akae, ajione, achague. Waagizaji wanaoleta makontena waulize viwanda swali moja kabla ya kulipa: mmeijaribu kwa uso mweusi, usiku, chini ya taa za hezi 50? Na wewe msomaji, ukikataliwa kuijaribu, funga pochi yako uende duka la pili.